Mfamasia na matumizi ya dawa nyingi kwa wagonjwa wa nje

Matumizi ya dawa nyingi ni hali ya mgonjwa mmoja kutumia dawa kadhaa kwa kipindi kimoja. Kwa kawaida wataalamu huhesabu kuanzia dawa 5. Hali hiyo si kosa yenyewe, kwa kuwa mtu mwenye kisukari, shinikizo la damu na VVU anaweza kuzihitaji zote. Hatari hutokea dawa moja inapoathiri kazi ya nyingine, inaporudiwa kwa jina tofauti, au inapoendelea kumezwa baada ya sababu yake kwisha. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianzisha kampeni ya kupunguza madhara ya dawa, na suala hili ni mojawapo ya vipaumbele vyake 3.

Hali ya Mbinga na Nyasa

Wilaya ya Nyasa, yenye makao makuu Mbamba Bay, ilimegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Katika wilaya hizi za Mkoa wa Ruvuma mgonjwa wa nje anaweza kupata dawa sehemu nyingi: zahanati ya kijiji, hospitali za kanisa kama Litembo na Liuli, hospitali ya rufaa mjini Songea, duka la dawa, na mganga wa tiba asili. Kila sehemu huona dawa zake tu.

Ruvuma ndio mkoa ulioanza majaribio ya Maduka ya Dawa Muhimu (DLDM) mwaka 2003, kabla ya mpango huo kuenea mikoa mingine ya Tanzania Bara. Maduka hayo yalisogeza dawa karibu na wananchi wa vijijini. Hata hivyo, mtoa dawa wake hupewa mafunzo mafupi, wala hana jalada la mgonjwa linaloonyesha dawa alizopewa hospitalini.

Kazi ya mfamasia

Mfamasia humtaka mgonjwa aje kliniki na dawa zote anazotumia, zikiwemo za dukani na za mitishamba, ambazo wengi hawazitaji wasipoulizwa. Kisha huandika orodha moja na kuuliza kuhusu kila dawa: inatibu nini, nani aliianzisha, inamezwa vipi, na kama bado inahitajika. Baadhi ya mambo anayoyatafuta ni haya:

- Dolutegraviri, dawa ya kufubaza VVU, huongeza kiwango cha metformini ya kisukari mwilini. Kwa kawaida metformini haizidishwi miligramu 1,000 kwa siku.
- Vidonge vya madini ya chuma na dawa za kutuliza asidi ya tumbo huzuia dolutegraviri isifyonzwe vizuri. Dolutegraviri humezwa saa 2 kabla yake au saa 6 baadaye.
- Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya dolutegraviri, hivyo dozi yake ya miligramu 50 hutolewa mara 2 kwa siku. Hupunguza pia nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango.
- Diklofenaki, inayotumiwa sana kwa maumivu ya mgongo na viungo, huweza kupandisha shinikizo la damu. Ikichanganywa na enalaprili na dawa ya kukojosha huweza kudhuru figo.
- Parasetamoli imo pia katika dawa nyingi za mafua, hivyo mgonjwa huweza kuzidisha dozi bila kujua.

Mipaka

Mfamasia hushauriana na daktari kabla ya dawa kuondolewa au kubadilishwa. Mgonjwa naye hapaswi kuacha dawa mwenyewe: kuacha ghafla propranololi au predinisoloni iliyotumiwa muda mrefu ni hatari.

Zahanati kwa kawaida hazina mfamasia. Dawa hutolewa na muuguzi au tabibu. Kwa sababu hiyo orodha iliyoandikwa hospitalini hufaa zaidi mgonjwa anapobaki na nakala yake na kuionyesha zahanati na dukani kabla ya kupewa dawa mpya.