Mlio chini ya waogeleaji

Huku Tarime na Serengeti, ukitaja Vita vya Pili vya Dunia, wazee wanakupeleka moja kwa moja KAR na misitu ya Burma. Bahari wanairuka.

Mwezi Februari 1944, meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo na watu 1,511, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga torpedo. Ilizama ndani ya dakika chache.

Manowari za Uingereza zilikuwa na asdiki, yaani sona ya siku hizo: inatuma mlio majini, mwangwi ukirudi unajua adui yuko upande gani, umbali gani. Mwangwi ukarudi. Kumbe nyambizi ilijificha chini ya waliokuwa wakiogelea! HMS Petard ikadondosha mabomu ya kina palepale, katikati ya watu.

Wapo wanaosema nahodha hakuwa na njia nyingine, meli zilizobaki zingefuata. Huenda. Mimi nawawazia wale waliokuwa majini, wakiiona manowari yao inawajia, labda wakidhani inakuja kuwaokoa.

I-27 ilizamishwa baadaye siku hiyohiyo. Walikufa watu 1,297. Waliookolewa 214, sita kati yao wanawake.