Kamera isiyo na kioo au ya mfukoni: ipi inamfaa mpiga picha wa Mamba?

Katika kata ya Mamba, bonde la Mpimbwe mkoani Katavi, mpiga picha ni mtu wa kazi nyingi. Leo anapiga picha za paspoti za wanafunzi, kesho anaitwa kwenye kikao cha kijiji, Jumamosi kuna harusi, Jumapili kuna kipaimara. Mpunga ukishavunwa na fedha ikaonekana mikononi mwa watu, sherehe hufuatana. Kazi hizi hazitaki kamera ya aina moja, ila mara nyingi akiba iliyopo inatosha kununua moja tu. Akikosea kuchagua, anabaki na chombo kisichomrudishia fedha yake, na harusi ya mtu hairudiwi ili picha zipigwe upya.

Hapa tunalinganisha kamera mbili ambazo vijana wanaoanza kazi hii huzipima zaidi: kamera ya kitaalamu isiyo na kioo, ile ambayo wengi huiita mirolesi, na kamera ndogo ya mfukoni.

Tuanze na jina, kwa sababu linachanganya. Kamera kubwa za zamani za kubadilisha lenzi zilikuwa na kioo kidogo ndani, nyuma ya lenzi. Kioo hicho kilipeleka mwanga juu kwenye dirisha la kuchungulia, na ulipobonyeza kitufe kiliinuka kwa ule mlio wa "klaki" unaojulikana kanisa zima. Mwaka 2008 Panasonic walitoa Lumix G1, kamera ya kubadilisha lenzi iliyoondoa kioo na kumwonyesha mpigaji picha kwenye skrini ndogo ya kielektroniki. Mwaka 2013 Sony walitoa A7, yenye sensa kubwa ya ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35. Nikon na Canon walifuata kwa kamera zao za sensa hiyo mwaka 2018.

Kamera ya mfukoni nayo haina kioo, na haijawahi kuwa nacho. Kwa hiyo kinachozitofautisha hizi mbili ni vitu viwili: lenzi inayobadilishwa na ukubwa wa sensa.

Sensa tunayoisema si ile ya watu na makazi. Ni kile kibamba kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Kwenye kamera kama Sony A7 III ya mwaka 2018, sensa ina milimita 36 kwa 24. Kwenye kamera nzuri ya mfukoni kama Sony RX100 VII ya mwaka 2019, ina milimita 13.2 kwa 8.8. Ukipiga hesabu ya eneo, ile kubwa ni zaidi ya mara saba ya ndogo. Na kamera za mfukoni za bei ya chini zina sensa ya takriban milimita 6.2 kwa 4.6, ambayo ingeingia zaidi ya mara 30 ndani ya ile ya A7 III. Wauzaji hutaja megapikseli kwanza, lakini hapa megapikseli hazisemi mengi: A7 III ina 24, RX100 VII ina 20. Picha ya ukubwa wa A4 iliyochapwa vizuri inahitaji chini ya megapikseli tisa. Kwa hiyo zote mbili zinatosha kwa picha ya kutundika sebuleni.

Kinachozitenganisha ni mwanga hafifu, na kwetu mwanga hafifu ni jambo la kila wiki. Chukua kanisa lenye madirisha madogo, au ukumbi wenye taa mbili tatu zinazotegemea sola au jenereta. Tuseme mpiga picha ana kamera kubwa yenye lenzi ya milimita 85 ambayo tundu lake linafunguka hadi f/1.8, na kwa mwanga uliopo anapata picha sawasawa kwa mwendo wa shata wa sehemu moja ya 125 ya sekunde. Kwa mwendo huo bibi harusi anayetembea polepole anatoka vizuri, shela na yote. Mwenzake aliyebaki nyuma na kamera ya mfukoni amevuta lenzi hadi mwisho, ambako tundu halifunguki zaidi ya f/4.5. Mwanga unaopita hapo ni pungufu zaidi ya mara sita. Asipoongeza ISO, shata yake inashuka hadi sehemu moja ya 20 ya sekunde, na bibi harusi anatoka kama moshi. Akiongeza ISO, sensa yake ndogo inajaza chembechembe kwenye uso, na kwenye ngozi nyeusi chembechembe hizo huonekana kwanza kwenye vivuli vya shingo na mashavu.

Mwenye kamera ndogo anaweza kujiokoa kwa kusogea karibu na kutumia upande mpana wa lenzi, ambako tundu ni f/2.8. Hiyo inasaidia kweli. Ila upande mpana ukiwa karibu na uso hukuza pua na kubana masikio, na wateja wengi hawaupendi hata kama hawajui kilichotokea.

Jambo la pili kwa mpiga picha wa harusi ni nafasi za memori kadi. A7 III ina mbili, na inaweza kuandika kila picha kwenye kadi zote kwa wakati mmoja. Kadi moja ikifa, pete na viapo vimebaki kwenye nyingine. Kamera za mfukoni zina nafasi moja. Kwa kazi ya kulipwa isiyorudiwa, sisi tunaliona hili kuwa kubwa kuliko ubora wowote wa rangi. Kamera nyingi za bei nafuu za kubadilisha lenzi nazo zina nafasi moja tu, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Kuna sehemu ambayo kamera ndogo inaishinda kubwa, na wengi hawaijui. Ni picha za saa saba mchana. Jua la Mpimbwe likiwa utosini, mwenye kofia au kilemba uso wake unakuwa kivuli kitupu, na dawa yake ni flashi. Kamera kubwa nyingi zina shata ya pazia linalopita mbele ya sensa, na pazia hilo huelewana na flashi hadi karibu sehemu moja ya 250 ya sekunde. Ukizidi hapo unahitaji flashi ya nje yenye uwezo maalumu. A7 III haina hata flashi yake ya ndani. Shata ya RX100 VII imo ndani ya lenzi, na kamera hiyo ina flashi ndogo inayochomoza na kufanya kazi hata kwenye mwendo wa kasi wa shata. Flashi hiyo haifiki mbali, lakini kwa mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwako, macho yanaonekana na anga linabaki bluu.

Halafu kuna suala la watu kutulia. Ukitoa kamera kubwa gulioni, mazungumzo yanakatika: wengine wanapanga mstari, wengine wanageuza uso, mmoja anauliza picha zinakwenda wapi. Kamera ya gramu 300 haileti tafrani hiyo, na kwa mwandishi wa habari hilo lina thamani. Udogo wa kamera haukuondolei wajibu wa kuomba ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu pia anayekusanya picha za watu kwa kazi yake.

Wapo pia wanaouliza kuhusu picha za wanyama, kwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi ni jirani yetu. Anayesafiri kutoka Mpanda kuja bondeni kupitia Sitalike anapita ndani yake. Kiangazi, maji ya Mto Katuma yanapopungua, viboko hubanana kwenye madimbwi kwa mamia, na eneo la Ikuu ni mojawapo ya mahali pa kuwaona. Hapa jibu linategemea saa. Kamera ya mfukoni kama Canon PowerShot SX740 HS, yenye gramu kama 300, inavuta hadi kiwango kinacholingana na lenzi ya milimita 960. Ili ukaribie hapo kwa kamera ya kitaalamu unahitaji lenzi kama ile ya Sony ya milimita 200 hadi 600, ambayo peke yake ina zaidi ya kilo mbili na bei inayozidi kamera nyingi. Mchana wa jua kali, kamera ndogo itakupa kiboko anayepiga miayo, picha nzuri ya kumwonyesha mjomba na hata ya kuweka kwenye ukurasa wetu. Lakini kiboko hutoka majini jioni na simba huamka giza linapokaribia. Saa hiyo ile sensa ya milimita 6 haina la kufanya, na lenzi nzito inaanza kulipa deni lake. Anayetaka kupiga picha za biashara ndani ya hifadhi aulize TANAPA kuhusu kibali kabla ya kuingia.

Vumbi

Mtu wa Mamba hahitaji kuelezwa vumbi la barabara mwezi wa tisa. Kwenye kamera isiyo na kioo, ukitoa lenzi sensa inabaki wazi kabisa, na vumbi likitua juu yake utaona madoa meusi angani katika kila picha. Dawa ni kubadilisha lenzi ndani ya nyumba au ndani ya gari lililofungwa, uso wa kamera ukitazama chini, na kuwa na kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo, mate ni mabaya kuliko vumbi. Baadhi ya kamera za Canon hufunga pazia la shata zinapozimwa, na hilo husaidia kidogo.

Kamera ya mfukoni haifunguki, kwa hiyo wengi hudhani iko salama. Sivyo. Lenzi yake inatoka na kuingia kama shingo ya kobe, na kila inaporudi inaweza kuvuta vumbi ndani. Chembe moja ya mchanga inaweza kuikwamisha, kamera ikaandika kosa na kugoma. Tofauti inaonekana hapo: doa la sensa kwenye kamera kubwa husafishwa, lakini lenzi iliyokwama ya kamera ndogo hutengenezwa kwa gharama inayokaribia kununua nyingine, na si kila fundi wa simu anaiweza. Itunze kwenye kifuko kinachofungwa, si mfukoni na funguo.

Masika shida ni ukungu, ule unaoota ndani ya lenzi kama utando wa buibui. Weka kamera kwenye boksi la plastiki linaloziba, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Wapo wanaofukia kamera kwenye mchele, na mchele kwetu si haba, lakini mchele una unga wake, nao huingia penye upenyo.

Umeme. Kwa vipimo vya kiwandani, betri ya A7 III hutoa picha kama 700, ya RX100 VII kama 260. Siku ya harusi kamera ndogo itataka betri tatu. Zote mbili huchajiwa kwa waya wa USB, hivyo pawabenki au sola ya nyumbani inatosha.

Bei

Hapa ndipo hesabu inapogeuka. Mwaka 2010 viwanda vilisafirisha zaidi ya kamera za kidijitali milioni 120 duniani. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Zilizopotea zaidi ni za mfukoni za bei ya chini, na kilichoziua ni simu. Kilichobaki ni kamera ndogo za bei ya juu. RX100 VII ilipotoka iliuzwa Marekani dola 1,200. Canon EOS R50, kamera isiyo na kioo ya kubadilisha lenzi iliyotoka mwaka 2023, ilianza kwa dola 680 bila lenzi, na lenzi ya Canon ya milimita 50 yenye f/1.8 ilitoka kwa dola 200. Sensa ya R50 si kubwa kama ya A7 III, lakini inakaribia mara tatu ya ile ya RX100. Bei za huku ni nyingine, zina usafiri na ushuru ndani yake, ila uwiano wenyewe haubadiliki sana.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Anayetaka kula kwa kamera, yaani harusi, paspoti na sherehe, anunue isiyo na kioo, hata ya daraja la chini au iliyotumika, na lenzi moja ya f/1.8. Kamera nzuri ya mfukoni imwendee mwandishi, bwana shamba anayetembea na bodaboda, au mpiga picha aliyekwisha kuwa na kubwa na anataka ya kubeba kila siku. Ile ndogo ya bei rahisi yenye sensa ya milimita 6 tusingeshauri mtu ainunue, isipokuwa kama anataka ule uvutaji wa mbali ambao simu yake haina.

Ukinunua iliyotumika, iwe Mpanda mjini au Kariakoo, nenda mchana. Piga picha ya anga tupu kwa tundu la f/16 kisha ikuze, madoa ya sensa yatajitokeza. Mulika tochi ya simu ndani ya lenzi utafute ukungu. Kwa ya mfukoni, iwashe na kuizima mara kumi mfululizo ukisikiliza lenzi: ikikwaruza, irudishe. Jaribu kadi yako mwenyewe, hakikisha chaja ipo, na usiondoke bila risiti yenye namba ya kamera.