Ngeli za roboti: Wazo lililotoka kwenye foleni ya malori

KLABU za roboti zimeanza kushindana na klabu za drama katika kuwavuta wanafunzi wa shule zetu za upili. Si haba. Lakini hebu mwombe mwanachama mmoja akueleze maana ya 'klasi' na 'objekti' anazoziandika kila wiki kwenye kompyuta. Aghalabu atakukariria fasili ya Kiingereza neno kwa neno, kisha atanyamaza. Ukimgeukia mwalimu, utaambiwa dhana hizo ni ngumu kwa sababu ni za hisabati. Historia yake haisemi hivyo.

Turudi Oslo, Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kristen Nygaard, aliyewahi kufanya hesabu za mtambo wa nyuklia katika taasisi ya utafiti wa kijeshi, alikuwa amehamia Kituo cha Kompyuta cha Norway. Pamoja na Ole-Johan Dahl, alitaka kuigiza kwenye kompyuta shughuli za watu na mashine: kiwanda, foleni, uwanja wa ndege. Wakati huo programu nyingi zilikuwa orodha ya amri tu. Fanya hili, kisha lile. Wawili hawa walitaka lugha ambayo ingemwezesha mtu kueleza ulimwengu ulivyo kabla ya kuiamuru mashine. Waliiita Simula, na kufikia mwaka 1965 ilikuwa ikifanya kazi kwenye kompyuta ya UNIVAC 1107.

Kisha wakakwama, tena kwa jambo ambalo dereva yeyote wa matatu angelielewa. Walikuwa wakitafakari mfano wa daraja lenye kituo cha kutoza ada, na foleni ya magari, mengine malori, mengine mabasi. Lori lina shehena, basi lina abiria. Hata hivyo yote hupanga foleni, husogea, hulipa, hupita. Sasa, mambo ya foleni yaandikwe mara mbili? Na zikija teksi, mara tatu? Jibu lilipatikana kuelekea mwanzo wa mwaka 1967: eleza 'gari' mara moja tu, kisha lori na basi virithi maelezo hayo, kila kimoja kikiongeza cha kwake. Mwezi Mei mwaka huo wazo hilo likawasilishwa mbele ya wataalamu kwenye kongamano huko Lysebu, nje ya Oslo. Ndicho chanzo cha klasi, objekti na urithi tunavyovijua katika programu za leo.

Msomaji wa safu hii bila shaka ameshaona ninakoelekea. Ngeli! Chukua neno 'kitabu'. Lilitoka Kiarabu, na silabi yake ya kwanza ni sehemu ya mzizi wa huko. Lilipoingia kwetu likawekwa katika ngeli ya KI-VI, na papo hapo likarithi kila kilichokuwamo: vitabu, kitabu changu, vitabu vyangu vimepotea. Hakuna aliyekaa akalitungia neno hilo kanuni zake za upatanisho. Ngeli ilikuwa nazo tayari. Na wanasarufi wetu hulihusisha neno lenyewe 'ngeli' na Kihaya, likiwa na maana ya aina. Mlinganisho huu una mipaka, kwa sababu ngeli ya sarufi haisemi kitu kinafanya nini, ilhali ngeli ya programu husema. Ila mlango umeshafunguka.

Kutoka Norway wazo likavuka bahari. Alan Kay alikutana na Simula mwaka 1966 akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. (Alilalamika kwamba Kiingereza cha mwongozo wake kilikuwa Kinorwe kilichovishwa maneno mengine. Watafsiri, mpo?) Mwaka 1968 alimtembelea Seymour Papert na kuwaona watoto wakitumia lugha ya Logo. Katika miaka ya 1970 Kay na Adele Goldberg, wakiwa Xerox PARC, walikuwa wakiwafundisha watoto Smalltalk, lugha iliyojengwa juu ya vitu. Watoto, jamani, si maprofesa.

Roboti ziliingia kwa njia nyingine. Dean Kamen alianzisha shirika la FIRST mwaka 1989, na mashindano yake ya kwanza yalifanyika New Hampshire mwaka 1992. Timu nyingi za mashindano hayo sasa huandika Java zikitumia WPILib, maktaba ya programu iliyochipuka Worcester Polytechnic Institute. Humo mna ngeli ya roboti iliyokwisha kuandikwa. Wanafunzi hutunga roboti yao ikirithi hiyo, na kila milisekunde 20 programu huuliza tena: nifanye nini sasa? Mota nne za magurudumu ni vitu vinne vya ngeli moja. Mkono ukivunjika kati ya mechi mbili na ukafungwa mwingine wa aina tofauti, aliyeandika vizuri hurekebisha ngeli ya mkono peke yake, magurudumu hayaguswi. Aliyekariri bila kuelewa hana pa kuanzia, na dakika zinayoyoma.

Kenya nayo imo katika safari hii. Wanafunzi wetu walikuwa Washington mwaka 2017 kwa mashindano ya FIRST Global, na mwaka 2022 KICD iliidhinisha mtaala wa kufundisha usimbaji shuleni. Wapo wenzangu wanaosema kwamba kuita klasi 'ngeli' kutawachanganya wanafunzi wakati wa somo la sarufi. Siafiki. Neno 'mzizi' linatumika katika botania, hesabu na sarufi, na hakuna mtoto aliyewahi kuchimba ardhi akitafuta mzizi wa kitenzi. Java yenyewe itabaki na maneno yake ya Kiingereza, hilo halina ubishi. Ninachotaka ni somo la kwanza tu. Kompyuta zizimwe, wanafunzi waulizwe ni vitu gani vinapatikana katika stendi ya matatu, kila kimoja kina nini, kinafanya nini, na kipi kinarithi kutoka kipi. Wakishabishana kama boda ni gari au la, ndipo ziwashwe.