Wanawake Walitangulia, Sheria Ikafuata

Oktoba 31, 2013, waandamanaji walifika kwenye ofisi ya Inspekta Jenerali wa Polisi jijini Nairobi na ombi lililotiwa saini na zaidi ya watu milioni 1.2. Wengine walitundika chupi kwenye ua. Kilichowachoma ni yaliyotokea Busia: msichana wa miaka 16 alibakwa na genge la wanaume, kisha akatupwa shimoni. Polisi walipowapata watatu kati yao, waliwafyekesha nyasi kituoni, wakawaacha waende zao.

Aprili 2015 watatu hao walifungwa miaka 15. Ni vigumu kuamini kwamba kesi ile ingefika mbali bila kelele zile za barabarani.

Mwaka mmoja baada ya maandamano hayo ya 2013, hasira iliibukia kwenye steji ya matatu. Wanaume walimzingira mwanamke katikati ya Nairobi, wakamvua nguo wakidai amevaa vibaya, huku wengine wakipiga video. Novemba 17, 2014, wanawake waliosukumwa na kundi la mtandaoni la Kilimani Mums walitoka Uhuru Park, baadhi wakiwa wamevaa sketi fupi makusudi, na kuandamana kudai haki ya kuvaa watakavyo. Kabla ya mwaka kuisha, Bunge lilikuwa limepitisha kifungo kisichopungua miaka 10 kwa anayemvua mtu nguo kwa nguvu.

Lakini ukatili dhidi ya wanawake haukukoma. Januari 27, 2024, baada ya wanawake kadhaa kuuawa ndani ya wiki chache, maelfu walijitokeza Nairobi, Mombasa, Kisumu na miji mingine. Nairobi, Mwakilishi wa Wanawake Esther Passaris alipojaribu kuhutubia alizomewa, akiulizwa alikuwa wapi siku zote. Kuzomewa huko kulikuwa na haki yake: viongozi walizoea kuja kwenye maombolezo, wala si kwenye madai.

Baadaye mwaka huo takwimu za polisi wenyewe zilionyesha kwamba wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba. Waandamanaji waliporudi barabarani Desemba 10, Siku ya Haki za Binadamu, walikaribishwa kwa vitoza machozi na pingu.

Mwezi uliofuata Rais William Ruto aliunda jopo la watu 42 kuhusu mauaji hayo, chini ya aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza, akalipa siku 90. Waandamanaji walikuwa wakidai mauaji haya yatangazwe janga la kitaifa tangu Januari ya mwaka uliotangulia.