Dende: mlo na umeng'enyaji

Dende ni jina la Kivu la mgugunaji mdogo wa asili ya milima ya Andes (Cavia porcellus), ambaye Tanzania huitwa simbilisi. Mashariki ya Kongo hufugwa kwa ajili ya nyama, mara nyingi jikoni kwenyewe. Goma, ambako nyumba nyingi zimesimama juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo yaliyomwagika mwaka 2002, shamba la majani ni anasa. Dende hula kinacholetwa kutoka nje ya mji na kinachobaki jikoni.

Kinacholiwa ndicho kinachoamua kitakachomeng'enywa. Dende ana mfuko mkubwa mwanzoni mwa utumbo mpana, ambamo vijidudu huchachusha majani na kutoa asidi zinazompa nguvu. Nyuzinyuzi huzimeng'enya vizuri kuliko sungura. Halafu hula baadhi ya mavi yake, akiyachukua moja kwa moja mkunduni, na kwa njia hiyo hurudisha protini na vitamini B zilizotengenezwa na vijidudu hivyo. Mfugaji anayeona jambo hilo asimfukuze.

Matete yaliyokomaa yana nyuzi ngumu na protini haba, hivyo dende hushiba bila kunenepa. Matembele au desmodiamu huongeza protini. Kaliandra nayo ina protini nyingi, lakini tanini zake huifunga sehemu ya protini hiyo isimeng'enywe. Ni ya kuchanganya, si ya kulisha peke yake. Maganda ya viazi na mabaki ya ugali yana wanga: kidogo husaidia, yakizidi huvuruga uchachushaji na kuleta kuhara.

Dende hawezi kujitengenezea vitamini C, kama binadamu. Huhitaji takriban miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na mwenye mimba, inayochukua siku kama 68, huhitaji zaidi. Majani mabichi humpatia. Yaliyokaushwa sana hupoteza sehemu kubwa. Akikosa, viungo huvimba na fizi hutoka damu.

Penisilini, dawa inayowaponya wanyama wengi, inaweza kumuua: huangamiza vijidudu vyema vya tumbo lake, na vibaya vikachukua nafasi yao.