Waliochora Ukutani

Mtu aingiapo katika Ngome ya Yesu mjini Mombasa kwa mara ya kwanza, macho yake huvutwa na mizinga. Si ajabu, maana mzinga hutisha hata ukiwa kimya. Lakini ndani ya ngome hiyo mna kitu kingine ambacho, kwa maoni yangu, kina thamani kuliko mizinga yote. Ni kipande cha lipu ya kale kilichochorwa kwa makaa na udongo mwekundu. Humo mna merikebu, wanadamu na wanyama, wamepandana ovyo kama michoro ya wanafunzi mwalimu anapotoka darasani. Waliochora walikuwa Wareno waliokaa humo kulinda, na majina yao hayajulikani. Walikuwa mbali na kwao, safari ya miezi mingi baharini, na nadhani walichora merikebu kwa sababu merikebu ndizo walizokuwa wakizingoja.

Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Asidhani msomaji kwamba mji uliletwa na ngome. Mvita ulikuwa mji mkongwe. Ibn Battuta alipopita hapo mwaka 1331 aliwasifu wenyeji kwa uchaji wao, akaeleza kuwa misikiti yao ilijengwa kwa mbao kwa ustadi. Mji huo Wareno waliupora na kuuteketeza mwaka 1505, wakarudi tena mwaka 1528, na mwishowe wakajenga kando yake ngome ya mawe ya matumbawe ili wakae.

Mwezi wa Machi 1696 Waarabu wa Omani waliizingira ngome, wakaizingira kwa muda wa miezi 33. Pamoja na Wareno walikuwamo Waswahili wa Faza na watu wengine wa pwani waliokuwa upande wao, na maradhi yaliwaua wengi kuliko upanga. Mwaka 1697 merikebu iliyongojewa ilikuja, jina lake Santo António de Tanná, ikazama papo hapo mbele ya ngome. Wapiga mbizi walichunguza mabaki yake tangu mwaka 1977 hadi 1980. Ngome ilitwaliwa Desemba 1698.

Wareno walirudi kwa muda mfupi miaka ya 1728 na 1729, wakafukuzwa. Kisha Wamazrui, waliokuwa maliwali wa Omani, wakajitwalia utawala wao wenyewe, na ngome ya maadui ikawa makao ya jamaa. Katika zama zao ndipo alipoishi Muyaka bin Haji, aliyezaliwa yapata mwaka 1776. Ushairi mwingi ulioandikwa kabla yake ulikuwa tenzi ndefu za dini. Muyaka alilishika shairi la beti fupi akalitoa nje, sokoni na barazani, akatunga juu ya mapenzi, mambo ya kila siku na siasa. Alikuwa upande wa Wamazrui, na Seyyid Said, aliyeutamani mji, alipigwa vita kwa mashairi hayo kama alivyopigwa kwa baruti. Lakini mwaka 1837 Seyyid Said aliupata mji, na wakuu wa Mazrui wakakamatwa kwa hila wakapelekwa ng'ambo. Muyaka aliyaona hayo kabla ya kufa mwaka 1840. Beti zake zingalikufa pamoja na wazee waliozihifadhi kichwani, lau Mwalimu Sikujua bin Abdallah hangalimkusanyia W. E. Taylor akaziandika. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1940, miaka mia kamili baada ya kufa kwake.

Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa humo baadaye, baada ya James Kirkman kufukua na kusafisha. Katika miaka hiyo mji wenyewe ulikuwa umebadilika kuliko ngome. Reli iendayo Uganda ilianza kujengwa mwaka 1896, na merikebu kubwa zikahamia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa. Bandari ya kale iliachiwa majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi, na hata hayo yakapungua mwaka hata mwaka. Mali ilihama, watunzi hawakuhama. Ahmad Nassir Juma Bhalo alitoa *Malenga wa Mvita* mwaka 1971, na jamaa yake Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba taarab iliyosikika pwani nzima.

Tangu 2011 ngome imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, nayo ina walinzi na tiketi mlangoni. Nyumba za Mji wa Kale hazina bahati hiyo, ingawa sheria inazitaja. Ukipita Ndia Kuu utaona roshani za mbao zilizotobolewa nakshi kama lesi, na milango ambayo fundi aliichonga bila kutia jina lake, kama wale askari wa lipu. Roshani ikioza, fundi wa kuitengeneza ni ghali, na mwenye nyumba mara nyingi ana warithi kumi wasiopatana. Basi hujengwa ghorofa ya saruji. Mlango wa zamani hung'olewa kwanza, kwa kuwa una mnunuzi.