Sayari za Mbali Katika Skrini za Navakholo

Filamu ya Star Wars iitwayo Return of the Jedi ilipotoka Mei 1983, watazamaji wa Marekani walimwona rubani mwenye mashavu yaliyoning'inia ameketi kando ya Lando Calrissian ndani ya chombo cha Millennium Falcon, wakielekea kuilipua ngome ya pili ya Dola. Jina lake Nien Nunb. Kwa Wamarekani, alichosema kilikuwa lugha ya sayari nyingine. Kwa Wakenya kilikuwa Kikuyu, na Kikalenjin kidogo. Sauti ile ilikuwa ya Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani, ambaye fundi wa sauti Ben Burtt alimrekodi akizungumza lugha za kwao. Miaka 32 baadaye Rotich alimsemea tena rubani huyo katika The Force Awakens, filamu ambayo Lupita Nyong'o naye aliigiza kama Maz Kanata.

Basi Mkenya aliingia mapema katika ulimwengu wa Star Wars. Kilichochelewa ni Mkenya wa kijijini kupata nafasi ya kuucheza kwenye gemu.

Gemu zenyewe zilikuwapo tayari. Mwaka 1982 kampuni ya Parker Brothers ilitoa The Empire Strikes Back kwa mashine ya Atari 2600: mchezaji anarusha ndege ndogo juu ya theluji ya sayari ya Hoth akiyalenga madude ya chuma yatembeayo kwa miguu minne. Mwaka uliofuata Atari ikaleta mashine kubwa ya kutumbukiza sarafu. Hayo yalikuwa mambo ya sebule na kumbi za burudani za Marekani na Ulaya, na kwa Magharibi mwa Kenya yalikuwa mbali kama hiyo Hoth.

Navakholo iko kaskazini-magharibi mwa mji wa Kakamega, katika nchi ya Abanyala na mashamba ya miwa, mto Nzoia ukipita kandokando. Katika vituo vya soko vya namna hii, kilicholeta gemu ni PlayStation 2, mashine ambayo Sony ilianza kuiuza Japani mwaka 2000 na ikaja kuuzika zaidi ya milioni 150 duniani. Nyingi zilifika Kenya zikiwa zimetumika, zikapitia maduka ya umeme kama yale ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, zikafungwa chipu ili zisome diski za kunakili. Baada ya hapo zilihitaji televisheni na stima tu. Gemu nzima ilikaa ndani ya diski moja, na hakuna aliyeulizwa habari ya intaneti.

Kibanda cha gemu hakina mapambo. Benchi la mbao, televisheni iliyoinuliwa juu ya kasha, waya za padi zilizofungwa kwa utepe mweusi pale zilipokatika, na kijana wa kukusanya pesa ambaye jicho lake halibanduki kwenye saa ya mechi. Kinachochezwa ni mpira: kwanza Winning Eleven na Pro Evolution Soccer, kisha FIFA. Sheria inajulikana na kila mtu: anayefungwa ndiye anayelipa, naye huinuka ampishe anayesubiri. Dakika chache, shilingi chache, mtu mwingine.

Hesabu hiyo, kuliko ladha ya wachezaji, ndiyo iliyoamua ni gemu gani zitakita mizizi. Gemu ya safari na mapigano ni ya mtu mmoja. Haina kipenga cha mwisho. Humtaka mchezaji atangetange, apotee njia, afungue mlango uliomshinda jana, kisha ahifadhi alipofika kwenye memori kadi ya MB 8 ambayo kibandani haina mwenyewe. Mwenye kibanda ana padi mbili na anataka zote zifanye kazi. Star Wars: Battlefront II ya mwaka 2005 ingeweza kumfaa, kwa kuwa kwenye PlayStation 2 iliwaruhusu wawili kugawana skrini. Lakini The Force Unleashed ya 2008, ambamo mchezaji anaanza akiwa Darth Vader mwenyewe akiteremka kwenye sayari ya Kashyyyk, ilimtaka mteja mmoja kwa saa nyingi huku wenzake watano wakipiga miayo benchini.

Simu ndiyo iliyovunja benchi hilo.

Novemba 2012 mtayarishaji programu Henrik Rydgård alitoa PPSSPP, programu inayoifanya simu ijione kuwa PSP, mashine ya mkononi ya Sony. Programu yenyewe ni halali. Mafaili ya gemu yanayorushwa kutoka simu hadi simu ni habari nyingine, na wenye haki miliki hawajapata kitu kutoka huko. Lakini kwa vijana wa Kenya PPSSPP ilifungua kabati zima la gemu ambazo kibanda hakikuwa na faida ya kuziweka: God of War, na hiyo hiyo The Force Unleashed, ambayo studio ya Krome ya Australia ilikuwa imeitengenezea PSP toleo lake. Diski ya PSP haizidi GB 1.8, na mafaili yake yakikazwa huingia kwenye memori kadi ya simu bila taabu. Vitufe viko juu ya kioo, kidole gumba kinaziba nusu ya picha, na simu inapata moto. Lakini hakuna anayesubiri zamu, na safari inaendelea kesho pale ilipoachwa.

Wakati huohuo Wakenya walikuwa wakitengeneza za kwao. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, gemu ya safari yenye shujaa wa kike, na mwaka 2009 akaanzisha Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Andrew Kaggia, aliyewahi kuwageuza wanasiasa wa Kenya kuwa mashine za vita katika filamu fupi ya Wageuzi, alileta Nairobi X mwaka 2015: viumbe kutoka anga za juu wanaivamia Nairobi, na mchezaji anawapiga risasi katika mitaa anayoijua. Baadaye studio ya Jiwe ikaja na Usoni, inayotokana na kazi ya Marc Rigaudis kuhusu Wazungu wanaoikimbia Ulaya iliyoharibika na kutafuta hifadhi Afrika. Kwa wazo tupu, hiyo ya mwisho ina ujasiri kuliko sehemu kubwa ya Star Wars.

Gemu ya Star Wars iliyorudisha heshima ya mchezaji mmoja ni Jedi: Fallen Order, iliyotoka tarehe 15 Novemba 2019 kutoka studio ya Respawn. Iliongozwa na Stig Asmussen, aliyeongoza God of War III, na aliyezoea Kratos, shujaa wa gemu hiyo, ataugundua mkono wake. Shujaa wake, Cal Kestis, ni kibarua wa kukatakata manowari kuukuu katika sayari ya Bracca, akificha kuwa aliwahi kulelewa kama Jedi. Siri ikifichuka, anakimbia na upanga wake wa mwanga, kisha anapata rafiki, roboti mdogo BD-1 anayempanda mgongoni na kumrushia dawa.

Mapema kabisa, kwenye sayari ya Bogano, kuna shimo. Mchezaji asiye na habari hutumbukia na kukutana na Oggdo Bogdo, dude la umbo la chura lenye ulimi mrefu, ambalo humwua kwa mapigo machache. Alama za uzoefu alizokuwa amekusanya hubaki kwa chura huyo hadi arudi ampige. Akiketi kutafakari ili apone, maadui wote aliokwisha kuwaangusha njiani huinuka upya. Kwa mtu anayelipia saa, huo ni wizi mtupu; kwa mwenye mashine nyumbani, ndio utamu wenyewe.

Tatizo limehamia kwenye uzito. Kwenye kompyuta Fallen Order inadai nafasi ya GB 55. Jedi: Survivor, mwendelezo wake wa Aprili 2023, inadai GB 155 na ilianzia kwenye mashine mpya pekee. Bando la siku la kijana wa Navakholo halilambi hata ukingo wa mzigo huo. Tarehe 17 Septemba 2024 kampuni ya EA ilitoa toleo la Survivor kwa PlayStation 4, mashine ambayo sasa, ikiwa imetumika, ndiyo inayorithi nafasi ya PlayStation 2 vibandani. Humo bado FIFA ndiyo inayolipa kodi ya pango.